Miguu Inayolia

Njuga haina ulimi. Kengele ya kanisa ina ulimi wake unaoning'inia katikati na kugonga kuta za shaba. Kengele ya ng'ombe nayo ni hivyo hivyo, ila ni ndogo. Njuga ni kipande cha chuma kilichokunjwa mpaka midomo yake ikakaribia kugusana, na ndani yake kikafungiwa kigololi ambacho hakitatoka tena. Mwaka 1914, wataalamu wawili waliofanya kazi Ujerumani, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walipanga vyombo vya muziki vya dunia nzima kwa mafungu. Kengele waliiweka katika fungu la vyombo vinavyogongwa, lakini njuga wakaipeleka kwa manyanga na kayamba, katika fungu la vinavyotikiswa. Nadhani fundi yeyote wa ngoma wa Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa, angewaambia hivyo bila kufungua kitabu. Kengele hulizwa na mtu aliyesimama mahali pake, na njuga hulizwa na mwili unaokwenda.

Kwangu tofauti hiyo ni kubwa. Kengele humngoja mpigaji, na mpigaji akiiachia kamba anakwenda zake kimya. Njuga ikishafungwa kifundoni haimwachi aliyeivaa hata kwa hatua moja. Akisita, inatangaza kwamba amesita. Akichelewa kidogo tu nyuma ya ngoma, wenzake wanajua, na wazee walioketi pembeni wanajua pia. Ndiyo maana mama humfunga njuga mtoto anayeanza kutembea. Mtoto huufurahia mlio akaongeza hatua, na mama akiwa jikoni hujua mwanawe yuko upande gani. Kinachomtoa jikoni mbio si mlio. Ni mlio kukatika. Wawindaji wa misitu ya Kongo humvisha mbwa kengele ya mti shingoni kwa hesabu iyo hiyo, kwa kuwa mbwa wa kwao habweki, na asiyebweka hupotea vichakani na mwenyewe asijue.

Nchi ya Kyela inazijua sana sauti za namna hii, kwa sababu ni nchi ambayo macho hayafiki mbali. Ni tambarare ya chini, inayoanzia kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa ulio mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari, yenye joto na mvua nyingi kiasi kwamba migomba, mpunga na kokoa hugombania kila kipande cha ardhi. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka na udongo wa milimani na kuumwaga ziwani. Upande wa mashariki, pale Matema, milima ya Livingstone inasimama wima kutoka majini bila hata kilima cha kuitangulia. Ukiwa ndani ya migomba huoni mlima wala ziwa. Nyumba ya jirani iko hatua chache tu na huioni. Humjua anayekuja kwa kikohozi chake, kwa baiskeli yake, kwa namna anavyokokota ndala, kabla hujaiona sura. Katika nchi ya hivyo, mtu aliyevaa njuga anafika mara mbili: kwanza mlio wake, halafu yeye.

Na hapo ndipo penye jambo lililonifanya niandike. Mahali ambapo njuga za Wanyakyusa, wenyeji wa nchi hiyo, zilisikika kwa nguvu kuliko pote ilikuwa msibani.

Kuna ushahidi mzuri wa hili. Godfrey Wilson, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, aliishi na Wanyakyusa kuanzia mwaka 1934 hadi 1938, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa na mkewe, Monica. Mwaka 1939 alichapisha makala marefu kuhusu desturi zao za mazishi. Anaeleza jinsi wanawake walivyojaa ndani na mbele ya nyumba ya marehemu wakilia kwa sauti, huku wanaume wakichimba kaburi. Maziko yakiisha, ngoma zilianza kupigwa, na vijana waliingia uwanjani wamevaa shuka kiunoni na njuga miguuni, mikononi mikuki. Walirukaruka kila mtu kwa mtindo wake, kama watu walio vitani. Wanawake wachache walipita katikati yao wakitingisha viuno na kupiga ukemi wa vita. Hiyo ndiyo waliyoiita ukukina. Iliweza kuendelea kwa siku mbili au tatu, ng'ombe wakichinjwa na wageni wakizidi kufika, na kadiri saa zilivyopita ndivyo uwanja ulivyochangamka. Kicheko kilirudi. Vijana walitupia macho mabinti, na mabinti walikuwa wamejipamba wakilijua hilo.

Mgeni aliyetazama hakuona huzuni. Wilson aliwauliza waliosimama karibu naye kinachofanyika ni nini, na kila mara jibu lilikuwa moja: wanamlilia marehemu. Hakuna aliyesema kwamba sasa kilio kimekwisha na tumeanza kufurahi. Wengine walimfafanulia kuwa wanacheza kwa sababu moyoni mwao mna vita, kwamba huzuni na hofu zikikutana humtia mtu ghadhabu, na ghadhabu hiyo lazima itafute pa kutokea.

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi, na kila ninapolirudia nalikubali zaidi. Aliyewahi kufiwa na mtu wa karibu anaijua ile ghadhabu. Haina wa kulaumiwa, na kwa hiyo humrudia mwenyewe: mikono inatetemeka, miguu haitulii, mtu anainuka na kuketi, anatoka nje na kurudi ndani bila sababu. Sisi wa leo tunamwambia akae chini. Tunamshika mabega, tunamketisha kwenye mkeka, tunamwomba anyamaze. Wazee wa Kyela walimwambia ainuke. Waliichukua miguu ile isiyotulia wakaifunga chuma chenye sauti, wakaipa uwanja na ngoma ya kuifuata. Hangaiko la mtu mmoja likawa mlio, na mlio wake ukaingia katika mlio wa wenzake.

Hapa njuga ilifanya kazi ambayo ngoma peke yake isingeiweza. Ngoma ni ya mpigaji. Anayecheza huifuata, lakini sauti si yake. Njuga ni sauti ya kila mmoja. Vijana arobaini wakiingia uwanjani, wanaingia na sauti arobaini, na sikio la anayetazama haliwezi kuzihesabu, ila kila mwenye njuga anaisikia yake katika mifupa ya mguu wake. Yuko peke yake na yuko na wengine kwa wakati mmoja. Sijui chombo kingine kinachofaa msiba kuliko hicho, maana kufiwa ni hali ya namna hiyo hiyo: uchungu ni wako, hakuna wa kukubebea, na bado hutaumaliza bila watu.

Hao wengine hawakuwa umati wowote tu. Wanyakyusa wa siku zile walijenga vijiji kwa marika. Wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka kwenye nyumba za baba zao, wakajenga vibanda pembeni, na rika lile likakua pamoja, likaoa pamoja, likazeeka pamoja. Monica Wilson alikiita kitabu chake cha 1951 kwa jina la thamani waliyoiweka juu ya nyingine nyingi, ukwangala: kukaa na wenzako kwa furaha, kula pamoja, kuzungumza, kutokuwa mtu wa kujitenga. Aliyekufa alikuwa na rika lake, na rika hilo ndilo lililokuja na njuga. Waliokanyaga ardhi karibu na kaburi lake walikuwa wenzake wa kuchunga, wenzake wa kulala kibandani, watu walioijua miguu yake tangu utotoni. Katika milio ile yote, mlio mmoja ulikosekana, na wao ndio walioujua.

Chuma chenyewe kilitoka juu. Wanyakyusa hawakuyeyusha chuma. Walikipata kwa Wakinga, wahunzi wa milima ile ile ya Livingstone, ambao walishuka bondeni na majembe na mikuki kubadilishana na chakula. Chuma hicho kiliheshimiwa hata katika ibada. Kwenye msitu mtakatifu wa Lubaga, alikoabudiwa Lwembe, shujaa aliyetukuzwa kama mungu, makuhani wa Ukinga walileta majembe, na koo za watawala wa bondeni zilisimulia kwamba asili yao ni huko milimani. Mhunzi huchukua bamba la chuma, hulikata, hulipasha moto, hulikunja taratibu juu ya fuawe mpaka libaki tundu jembamba, akaingiza kigololi au kijiwe kabla ya kulibana. Akilibana mno, mlio unakufa. Akiliachia mno, kigololi kinatoka mchezo ukiwa umekolea. Ukubwa wa tumbo na wembamba wa ukuta ndio unaoamua kama njuga italia nyembamba au nzito, na mkanda mmoja wa ngozi wenye njuga za ukubwa tofauti hutoa mlio wenye kina ambao njuga za kiwanda, zilizolingana zote, haziutoi. Mhunzi wa kweli hujaribu kila moja sikioni kabla ya kuishona.

Ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, mambo yanafanana, kwa kuwa mpaka ule ulichorwa katikati ya watu wamoja. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wanaelewana bila mkalimani. Kusini yao kidogo, kwa Watumbuka wa Malawi kaskazini, ipo vimbuza, ngoma ya uganga iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2008. Mgonjwa na mganga hucheza wakiwa wamefunga vipande vya chuma kiunoni na miguuni, usiku kucha, mpaka kinachomsumbua mgonjwa kijitokeze. Huko nako chuma hufungwa kwenye mwili ulioelemewa, na mwili hupewa kazi badala ya kulazwa. Naona ni wazo moja lililoenea kando ya ziwa zima: maumivu yasiyo na jina yapewe mwendo, na mwendo upewe sauti, ili wengine wajue yalipo.

Kwingineko Afrika Mashariki njuga imekuwa zaidi chombo cha sherehe na mashindano. Intore wa Rwanda huvaa amayugi miguuni, na mlio wake ndio unaogeuza kishindo cha safu nzima kuwa kitu kimoja. Wakikuyu wana njingiri, Waluo wana gara, na vijana wa Kigogo na wa Kisukuma huzifunga miguuni. Zanzibar ipo msewe, ngoma iliyopewa jina la njuga zake zenyewe za ukindu zenye punje ndani. Mbali zaidi, wacheza ngoma wa Kihindi huweza kufunga vijikengele vya shaba zaidi ya mia kwa kila mguu, na kabla ya kuvifunga huvigusisha kwenye paji la uso kwa heshima. Na Kiswahili chenyewe, mtu anapolishika jambo kwa nguvu zake zote, husema amelivalia njuga. Magazeti huliandika hilo kila wiki kuhusu mawaziri na wakuu wa wilaya, na wengi wetu tunalisoma bila kusikia chuma chochote.

Turudi Kyela. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani walifika kaskazini ya ziwa kwa makundi mawili: wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, na Wamoravian waliojenga kituo cha Rungwe. Miaka mitatu baadaye Wamoravian walikuwa na kituo Ipyana, katika tambarare ya Kyela yenyewe. Walileta kengele ya mnarani, na baada yake vikaja vikundi vya tarumbeta ambavyo mpaka leo ni fahari ya usharika. Waliobatizwa walianza kuzika kwa namna nyingine, kwa nyimbo za dini na maombi, bila ukukina na bila njuga.

Sitaki kuwadharau kwa hilo. Wimbo wa kiinjili kaburini uliwapa watu wa Kyela neno ambalo ukukina haukuwa nalo, neno la kuonana tena, na waliolipokea hawakulazimishwa kulipenda. Ukisikia kwaya ya Kimoravian ikiimba sauti nne jioni, mvua ikinukia upande wa Ukinga, unajua kwamba hicho nacho kimeshakuwa cha hapa. Wala uwanja wa ukukina haukuwa mahali pa amani siku zote; mikuki ile haikuwa ya mapambo, na palizuka mapigano msibani yaliyoongeza vifo juu ya kifo. Mchungaji aliyeona damu hiyo alikuwa na sababu ya kukataa mikuki. Lakini mikuki na njuga vilikataliwa pamoja, na hapo ndipo ninapoona hasara. Mkuki ulikuwa ghadhabu iliyotafuta adui. Njuga ilikuwa ghadhabu iyo hiyo iliyogeuzwa kuwa mwendo usiomdhuru mtu. Kingeweza kuondolewa kimoja kikabaki kingine.

Baada ya hapo msiba ulitulia, na waombolezaji wakawa watu walioketi. Kengele ya kanisa ilitangaza kifo kwa wote, nayo ilihitaji mkono mmoja tu wa kuivuta. Na sasa, katika misiba mingi ya Tanzania, sauti imehama tena: inakuja na spika za kukodi, zilizorundikwa kando ya turubai, zikicheza nyimbo za injili kutoka kwenye simu ya kijana aliyekaa nyuma ya meza. Spika ina nguvu kuliko njuga elfu. Inaweza kulia usiku mzima bila mtu yeyote kuwepo uwanjani. Hilo ndilo linalonisumbua. Sauti kubwa imejaza kiwanja, na waliokuja hawakutakiwa kutoa yoyote yao. Tunachangia fedha, tunaandikwa kwenye daftari, tunakula, tunaondoka. Simsemi mtu vibaya. Nami ni mmoja wa walioandikwa kwenye daftari hizo. Nasema tu kwamba palikuwa na wakati ambapo kuwepo msibani kulisikika miguuni mwa mtu, na aliyenyamaza alijulikana amenyamaza.

Njuga hazijapotea kabisa. Zipo katika vikundi vya ngoma, na zipo majukwaani, kwa mfano kwenye Tamasha la Ngoma za Jadi la Tulia kule Tukuyu, linalokusanya vikundi vya Nyanda za Juu Kusini na vya kutoka mbali zaidi. Ni jambo jema. Bila jukwaa, vijana wengi wa leo wasingeziona kabisa. Mahali ambapo mhunzi hayupo, vikundi hutoboa vizibo vya soda na kuvitunga kwenye waya, na mlio unatoka, mwepesi na mkavu kuliko wa chuma kilichofuliwa, lakini unatoka. Wasiwasi wangu ni kuhusu jukwaa lenyewe. Juu ya jukwaa la mbao, na maikrofoni mbele, njuga inakuwa sehemu ya vazi, sawa na rangi ya shuka. Mchezaji anawachezea watazamaji, kwa dakika alizopangiwa. Jaji anaandika alama. Hakuna aliyekufa, hakuna anayehangaika, na akimaliza anazifungua na kuzitia kwenye mfuko wa nailoni. Ustadi unabaki kwenye miguu, lakini kazi ya ustadi huo haipo pale.

Kwa hiyo nayaelekeza macho kanisani, mahali ambapo njuga zilikataliwa. Kanisa limeshaonyesha kwamba linaweza kuzipokea. Bujora, karibu na Mwanza, padri David Clement alianza katika miaka ya 1950 kuuleta muziki wa Wasukuma ndani ya ibada. Akajenga kanisa kwa mfano wa nyumba ya kitemi, na sikukuu ya Bulabo inaunganisha maandamano ya Ekaristi na mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo utani wao ni wa miaka mingi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka 1965, uliwapa Wakatoliki ruhusa pana zaidi, na leo katika kanda ya kati si ajabu kwaya ya kanisa kuimba na njuga miguuni, wala hakuna anayefikiri wamerudi kwenye upagani. Walimu wa kwaya wa Ipyana, wa Matema, wa sharika za Dayosisi ya Kilutheri ya Konde wanajua kuongoza sauti nne kuliko wengi nchini. Wanajua pia, kwa sababu ni watoto wa huko, mguu unavyokanyaga.

Ninachowaomba ni hiki, nao ndio watakaopima. Mazishi yakiisha, wimbo wa mwisho ukishaimbwa na mchungaji akishatoa baraka, wakati ule ambao sasa huachiwa spika, waachiwe vijana na wazee wa rika la marehemu. Wapewe ngoma moja na mikanda ya njuga. Wasipewe mikuki, wala wasitazamwe na jaji. Wasiambiwe wacheze kwa mpangilio, maana ukukina haukuwa na safu. Kila mtu alirukaruka na uchungu wake. Na mjane akitaka kuinuka kutoka kwenye mkeka, pasiwe na mtu wa kumshika mabega.